Kaye ya Februari: namna ya kufuata kambi ya besiboli ukiwa Lubumbashi

Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye depo moja ya Kampemba. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi, na katikati hapo nina tochi, kiti, simu na kaye mbili, yaani madaftari. Kaye ya kwanza ni ya kazi: lori gani limeingia, limetoka saa ngapi. Ya pili ni ya besiboli. Hiyo ya pili ndiyo nataka kukuonyesha namna ya kuiandika, maana kila Februari kuna vijana wa mtaani wenye ndugu Marekani wanaokuja kuniuliza swali lilelile: "Papa, timu yetu imeshinda tatu mfululizo, mwaka huu tunachukua?"

Nawajibu kwamba bado hakuna aliyeshinda kitu. Kisha nawavutia kiti.

Kwanza ujue ninayekuambia haya ni nani. Tangu utoto mimi ni mtu wa Lupopo, klabu ya mpira wa miguu ya hapa kwetu, rangi ya bluu na njano, na ubingwa wa 2002 niliuona kwa macho yangu. Besiboli niliipata kwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayeishi Mesa, mji wa Arizona ambako Chicago Cubs hufanya kambi yao. Mwaka 2016 alikuwa akiniandikia ujumbe kwa kila mpira uliorushwa katika mechi ya saba ya fainali, Cubs dhidi ya Cleveland. Mvua ikaisimamisha mechi dakika 17. Huku kwetu kukapambazuka, mwenzangu wa mchana akafika, nikamkabidhi funguo lakini sikuondoka getini. Ilikuwa karibu saa moja asubuhi aliponiandikia kwamba Kris Bryant ameokota mpira, ameteleza kidogo kwenye nyasi mbichi, ameurusha kwa Anthony Rizzo, na imekwisha: 8 kwa 7, iningi kumi (iningi ni duru ambayo kila timu hupata zamu ya kupiga; kawaida ni tisa). Cubs hawakuwa wamechukua ubingwa tangu 1908. Nilitembea kwa mguu hadi nyumbani nikiwa nacheka peke yangu, na tangu siku hiyo sijakosa kambi hata moja.

Kambi yenyewe

Katikati ya Februari, Marekani kungali na baridi, timu 30 za ligi kuu hushuka kusini kwenye jua. Nusu yao, 15, huenda Arizona. 15 nyingine huenda Florida. Warushaji, wanaomrushia mpigaji mpira, na wadakaji, wanaoudaka nyuma yake, hutangulia kufika, kwa sababu mkono wa mrushaji hauamki kwa siku moja. Wengine hufuata siku chache baadaye. Mechi huanza mwishoni mwa Februari na kuendelea karibu hadi mwisho wa Machi, msimu wa mechi 162 unapofunguliwa. Mechi hizi za kambi haziingii kwenye msimamo wa ligi. Zinaweza hata kuisha sare, jambo ambalo msimu wenyewe haulijui.

Mtu wa mpira wa miguu ataelewa haraka: ni kama mechi za kirafiki kabla ya ligi. Nakumbuka mwaka mmoja tulikuwa na mshambuliaji mpya aliyefunga mabao matatu dhidi ya timu ya mtaa, tukamwimbia hadi barabarani. Msimu ulipoanza alikaa benchi hadi tukasahau uso wake. Tofauti ni kwamba kambi ya besiboli ina mechi thelathini hivi, karibu kila siku, na kila siku inakupa kitu cha kuandika. Ndiyo maana inafaa kuwa na kaye.

Saa za kwetu

Hapa wengi hukosea, basi nakili mahali. Mechi nyingi za kambi huanza saa saba na dakika tano mchana kwa saa za huko. Za Arizona, kwetu Lubumbashi ni saa nne na dakika tano usiku, yaani 22h05, kambi nzima, kwa sababu Arizona hawasogezi saa. Za Florida huanza kwetu saa mbili na dakika tano usiku, 20h05. Lakini Jumapili ya pili ya Machi Florida husogeza saa mbele, na kuanzia hapo huanza saa moja na dakika tano, 19h05. Mwaka wa kwanza sikulijua hilo. Nilifungua simu nikakuta iningi ya nne, warushaji niliotaka kuwaona wamekwisha kuoga. Zile chache za usiku wa Arizona hutufikia alfajiri, saa tisa na zaidi, na ni za walinzi na wauguzi tu. Mwenye kazi ya mchana alale, atazisoma asubuhi.

Kuhusu mega, yaani data ya simu: usifuate kwa video. Video ya mechi moja inameza forfe (kifurushi) ya wiki. Programu ya ligi yenyewe inaonyesha kila mpira kwa maandishi na mchoro: umepita wapi, ulikuwa na kasi gani, nani anapiga. Inakula kidogo sana, na kwa kazi ya kaye inatosha. Jaza simu na betri ya akiba kabla ya giza, hasa Februari na Machi, mvua zetu zikipiga na umeme ukakatika. Mimi huzima taa ya simu kila nusu ya iningi inapokwisha, nachukua tochi, nazunguka depo, narudi. Besiboli inakuachia nafasi hiyo mara kumi na saba kwa usiku mmoja. Sijaona mchezo mwingine unaokubaliana hivi na kazi yangu.

Soma namba ya iningi kabla ya kusoma matokeo

Sasa kiini cha kazi. Kambini, matokeo ya mwisho usiyaandike hata kidogo. Andika nani alicheza, na katika iningi gani.

Wiki ya kwanza, wachezaji wakubwa hupiga mara mbili, labda tatu, kisha hutoka. Kufikia iningi ya tano au ya sita uwanja umejaa vijana wa ligi ndogo wenye namba za mgongoni 70, 80, 90 na kitu. Kwa hiyo kijana akipiga homurani, yaani mpira wa kuvuka ukuta, katika iningi ya nane, uliza kwanza: nani alikuwa anamrushia? Mara nyingi ni kijana mwenziwe ambaye hajawahi kufika ligi kuu. Homurani ileile katika iningi ya kwanza, dhidi ya mrushaji wa kudumu, ina uzito mwingine kabisa. Katika kaye yangu naandika iningi ndani ya duara dogo kando ya kila pigo. Ukiona duara lenye 7, 8, 9 limejaa chini ya jina moja, tulia. Ukiona namba 85 ameanza kuingizwa iningi ya kwanza na ya pili, hapo kocha anakuambia kitu. Pigia mstari.

Tazama pia kijana amewekwa wapi uwanjani. Vituo ni zile alama ambazo mpigaji hukimbia kuzizunguka, na kila kimoja kina mlinzi wake. Mchezaji wa kituo cha pili akianza ghafla kusimamishwa kituo cha tatu siku tatu kwa wiki, hiyo ni habari kubwa kuliko mapigo yake yote, maana kocha hapotezi siku za kambi kumfundisha mtu nafasi ambayo hana mpango nayo.

Na usisahau hewa. Arizona ni jangwa. Katika hewa kavu mpira husafiri mbali zaidi, na mpira wa kupinda haupindi kama kawaida. Wapigaji wa Arizona huonekana wakali kuliko walivyo, na warushaji huonekana dhaifu. Ukilinganisha mchezaji wa Mesa na wa Tampa, Florida, kumbuka hilo kabla hujagombana na mtu.

Warushaji: kasi, idadi, na nani kakosekana

Mrushaji ndiye anayewadanganya wageni zaidi. Mechi ya kwanza atarusha iningi moja au mbili tu, kisha anaongezewa polepole wiki hadi wiki. Mara nyingine anajaribu mpira mmoja mpya aliojifunza wakati wa mapumziko, anaurusha tena na tena hata kama unapigwa, kwa sababu siku hiyo hana haja ya kushinda. Kwa hiyo pointi alizofungwa ziache. Andika mambo matatu.

Kasi ya mpira wake wa moja kwa moja. Mwaka jana alikuwa akirusha maili 95 kwa saa, karibu kilomita 153. Sasa anarusha 92. Wiki ya kwanza si neno, mkono bado unaamka. Akiwa bado 92 katikati ya Machi, mpigie alama ya kuuliza. Na akija na 97 akiwa mzima, furahi, unayo ruhusa yangu. Kasi ni moja ya vitu vichache ambavyo kambi huvisema kwa ukweli mapema.

Pili, wangapi amewapa kituo cha kwanza bure, na wangapi amewatoa kwa straiki tatu, yaani mipira mizuri mitatu waliyoikosa au kuiacha.

Tatu, na hili nalipenda kuliko yote: siku alizopaswa kurusha na hakurusha. Mrushaji wa kuanza mechi huwa na mzunguko wake wa kila siku tano hivi. Tengeneza kalenda ndogo nyuma ya kaye, tia alama siku zake. Siku yake ikifika na jina halipo, usikimbilie kulia, labda amerusha kwenye uwanja wa pembeni dhidi ya vijana, jambo la kawaida kambini. Zikipita siku mbili za zamu yake bila habari, anza kutafuta neno "kiwiko" au "bega" kwenye taarifa za timu. Mara mbili kalenda yangu imejua kabla ya watu wa Mesa kujua.

Wawili wa kukumbuka

Mwaka 2015 Kris Bryant, kijana asiyecheza hata mechi moja ya ligi kuu, alipiga homurani 9 kambini kwa Cubs, wastani wa .425, yaani kama mapigo 425 yaliyofanikiwa kwa kila zamu 1,000. Hakuna aliyempita kwa homurani katika kambi yote. Alianza msimu wapi? Ligi ndogo. Klabu zina hesabu zake za mikataba na miaka ya utumishi, na hesabu hizo hazitazami ukuta umevukwa mara ngapi. Aliitwa tarehe 17 Aprili, na siku hiyo ya kwanza akapiga 0 kwa 4, yaani hakufanikiwa hata mara moja katika zamu nne, akatolewa kwa straiki mara tatu. Mwisho wa mwaka alikuwa mchezaji bora chipukizi. Mwaka uliofuata ndiye niliyekuambia, aliyeokota mpira wa mwisho.

Sasa geuza upande. Mwaka 2018 Shohei Ohtani alifika kwa Angels kutoka Japani, kambi yao iko Tempe, karibu na Mesa. Alipiga 4 kati ya 32, wastani wa .125. Kama mrushaji, katika mechi za kambi za Arizona, wastani wake wa kufungwa ulikuwa 27.00, yaani kama pointi 27 kwa kila iningi tisa. Watu walisema wazi kwamba hawezi, aanzie ligi ndogo. Yeye siku za mwisho za kambi akabadilisha mguu: badala ya kuunyanyua juu kabla ya kupiga, akawa anaubonyeza tu chini. Msimu ule akapiga homurani 22 na akachukua tuzo ya chipukizi bora. Ukiwa na kaye ya wastani tu, ungemfuta. Ukiwa na kaye inayosema "mguu umebadilika, tarehe fulani," ungekuwa na kitu mkononi. Andika mabadiliko ya mwili na ya mwendo, hata kama hujui bado maana yake.

Namna ya kumuuliza ndugu aliye huko

Hapa ndipo sisi tuna utajiri ambao wengine hawana. Ndugu zetu wako wengi Arizona. Mdogo wangu ana siku yake ya mapumziko katikati ya wiki, na asubuhi anakwenda kwenye viwanja vya mazoezi karibu na Sloan Park, uwanja wa Cubs tangu 2014. Mchana akipata tiketi anaketi kwenye nyasi, nyuma ya ukuta wa mbali. Lakini ndugu asipoulizwa vizuri atakutumia picha ya chakula na picha yake mwenyewe amevaa kofia. Nimemfundisha, na ilichukua miaka.

Usimuulize "nani anacheza vizuri?" Atakutajia jina kubwa. Muulize nani alibaki uwanjani wengine walipokwenda kula. Muulize nani amefungwa barafu begani, na nani anakimbia peke yake pembeni na mtu wa tiba. Muulize mdakaji mkuu alikuwa akimdakia nani asubuhi ile, kwa sababu mdakaji mkuu hupelekwa kwa warushaji wanaotegemewa. Muulize kijana mpya anaongea na nani. Na mwambie asikutafsirie; akuambie alichoona, maana utaipata wewe.

Kisha muombe sauti. Hili ni jambo langu mwenyewe na nalisema kwa moyo wote. Februari moja mdogo wangu alinitumia sekunde arobaini alizorekodi nyuma ya uzio wakati warushaji wanapasha mikono. Hakusema neno. Unasikia ndege, unasikia mtu akikohoa, kisha *pa*, glavu ya mdakaji. Kimya. *Pa*. Halafu zamu ya mrushaji mwingine, na sauti ikabadilika, ikawa nzito na fupi, kama mtu anapasua kuni mbichi. Nilimuuliza: "Huyo wa pili ni nani?" Akajibu: "Yaya (ndivyo anavyoniita, mimi mkubwa wake), umejuaje kwamba wamebadilishana?" Nilisikiliza sauti ile labda mara ishirini usiku ule, mvua ikipiga bati la depo. Ukiweza kupata kitu kama hicho, kihifadhi. Takwimu utazipata kesho pia. Mlio wa asubuhi ya kwanza hautarudiwa.

Kaye yenyewe

Nunua ya kurasa 100 na biki tatu. Biki ya bluu ni kwa kilichotokea. Nyekundu ni kwa unachodhani. Usichanganye. Mfano wangu wa kambi ya 2025, juu ya Matt Shaw, kijana tuliyemtarajia kituo cha tatu. Kwa bluu: ameumia misuli ya ubavu mapema, hachezi. Kwa nyekundu nikaandika: hatakwenda Japani. Mwaka ule Cubs walifungua msimu mapema mjini Tokyo dhidi ya Dodgers, tarehe 18 na 19 Machi, saa sita na dakika kumi mchana kwetu, mechi pekee za ufunguzi nilizowahi kufuata nikiwa nala bukari (ugali) na familia yangu. Shaw alikuwepo na alianza kituo cha tatu. Nyekundu yangu ilikosea, nikaiacha ilivyo. Nikaandika nyekundu nyingine: amefika, ameshika nafasi. Katikati ya Aprili akarudishwa ligi ndogo, Iowa, na Mei akaitwa tena. Ukurasa wake una nyekundu tatu zinazopingana, na ni ukurasa unaonifundisha kuliko yote, kwa sababu kila wazo lina tarehe yake na naona nilikuwa najua nini siku hiyo.

Tenga pia ukurasa wa sheria mpya. Ligi hupenda kuzijaribu kambini. Tarehe 25 Februari 2023, saa ya kuhesabu muda wa mrushaji na mpigaji ilipokuwa ngeni kabisa, Braves na Red Sox walikuwa 6 kwa 6, iningi ya tisa, wakimbiaji wamejaa vituo vyote vitatu, mpigaji ana mipira mibaya mitatu na straiki mbili. Hakuwa tayari kwa wakati. Mwamuzi akaita straiki ya tatu, na mechi ikaishia hapo, sare. Watu walipiga kelele wiki nzima. Kufikia Aprili wachezaji walikuwa wameizoea. Ukianza kuifuata besiboli leo, jifunze sheria mpya Februari, pamoja na wachezaji wenyewe, usingoje msimu.

Machi, majina yanapopungua

Timu huingia kambini na watu sitini hivi au zaidi. Arobaini wana nafasi kwenye orodha rasmi. Waliobaki ni wageni walioalikwa. Siku ya ufunguzi wanabaki 26. Kuanzia wiki za mwanzo za Machi, kila siku mbili tatu inatoka taarifa fupi ya waliorudishwa kambi ya ligi ndogo. Isome taratibu. Usikate jina kwa mstari mzito, zungushia tu, na uandike tarehe. Anayeondoka wiki ya kwanza ya Machi hakuwa na nafasi mwaka huu. Anayeondoka siku mbili kabla ya msimu ndiye mtu wa kwanza kuitwa mwenzake akiumia, na jina lake liandike kwenye jalada.

Wageni walioalikwa wapende. Nasema hivyo kwa sababu ya Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Alisaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akapita miaka kwenye ligi ndogo, Februari hadi Februari. Tarehe 26 Aprili 2017 akaitwa, na akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu. Mechi ilikuwa dhidi ya Cubs wangu. Mara yake ya kwanza kushika gongo, akampiga Jon Lester mpira safi katikati ya uwanja, akasimama kituo cha kwanza. Niliandika pigo hilo kwa bluu, ingawa lilikuwa dhidi yangu, nikanyanyuka kwenye kiti nikapiga makofi, mbwa wa depo akaja kuangalia kuna nini.

Orodha ya 26 ikitoka, chora mstari chini ya ukurasa, lakini chini ya kila jina acha nafasi ya mistari mitatu. Biki ya tatu, ya kijani, ni ya Juni. Kwetu ni baridi wakati huo, mvua zimekwisha zamani. Mimi hurudi kwenye kurasa za Februari usiku mmoja wa Juni, nikiwa na koti na thermosi ya chai, naanza jina la kwanza.